Hadithi za Wageni katika Kiwanda cha Risasi

Mwishoni mwa Machi 1996, watu wapatao 300 kutoka Afrika Magharibi waliingia na mizigo yao katika Cartoucherie, kiwanda cha zamani cha risasi cha jeshi la Ufaransa kilicho ndani ya msitu wa Vincennes, pembezoni mwa Paris. Wengi walikuwa Wamali na Wasenegali. Baadhi yao walikuwa wameishi na kufanya kazi Ufaransa kwa miaka mingi, lakini sheria zilizokazwa mwaka 1993 zilikuwa zimewaacha bila makaratasi. Tarehe 18 Machi waliingia kanisa la Saint-Ambroise wakidai vibali vya kuishi. Siku nne baadaye polisi wakawatoa. Wakawa wanahama na watoto wao, leo ukumbi huu kesho ule, mpaka walipofunguliwa mlango na kundi la maigizo lenye makao yake katika kiwanda kile, Théâtre du Soleil.

Hawakukaa sana. Baada ya wiki chache walihamia ghala la shirika la reli katika mtaa wa Pajol, na mwezi Juni wakaingia kanisa jingine, Saint-Bernard, kaskazini mwa jiji. Huko ndiko polisi walikovunja mlango kwa mashoka asubuhi ya 23 Agosti, kamera za televisheni zikiwa zimewaelekea. Historia ya siasa ya Ufaransa inakumbuka zaidi mlango huo wa kanisa. Historia ya jukwaa ina sababu ya kuzikumbuka zile wiki chache za msituni. Miongoni mwa wasemaji wa watu wale alikuwamo mwanamke wa Kisenegali, Madjiguène Cissé, na alipokuja kuandika juu ya harakati ile alisisitiza jambo moja: kujitegemea. Mashirika yaliyokuja kuwasaidia yalikuwa yamezoea kusema kwa niaba ya wahamiaji na kuwaamulia mambo yao, kwa hiyo ilibidi wenye shida washike usukani wenyewe. Cissé hakuwa anazungumzia tamthilia. Hata hivyo, swali lililomo katika hoja yake, nani aseme kwa niaba ya nani, lilikuja kulibana kundi lililowakaribisha, miaka 22 baadaye, tena mbele ya watu ambao hawakuwa wahamiaji hata kidogo.

Théâtre du Soleil lilianzishwa mwaka 1964 na Ariane Mnouchkine pamoja na wanafunzi wenzake. Baba yake, Alexandre Mnouchkine, mtayarishaji wa filamu, alizaliwa Urusi akahamia Ufaransa. Kwa hiyo binti alikulia katika nyumba ya mhamiaji. Mwaka 1970 kundi liliingia Cartoucherie, wakati ule majengo matupu ambayo jeshi lilikwisha kuyaacha, likayageuza kuwa ukumbi. Utaratibu wake ulikuwa wa ushirika: mshahara mmoja kwa wote, awe mwigizaji nyota au fundi wa taa. Watazamaji waliingia wakiwaona waigizaji wanajipaka rangi na kuvaa maleba, na mara nyingi aliyewakatia tiketi mlangoni alikuwa Mnouchkine mwenyewe.

Tangu mwanzo kundi hili lilikuwa likikopa. Mnouchkine alikuwa amesafiri Asia akiwa kijana, akarudi akiamini kwamba jukwaa la Ulaya limesahau mwili na kwamba Asia bado inaukumbuka. Alipoonyesha tamthilia za Shakespeare kati ya 1981 na 1984, wafalme wa Uingereza walitokea jukwaani na mavazi na miondoko iliyochotwa kutoka kabuki ya Japani. Alipoonyesha tanzia za Kigiriki kuanzia 1990, kiitikio kilicheza kwa namna iliyotokana na kathakali, mchezo wa jadi wa Kerala, kusini mwa India. Paris ilishangilia. Wahakiki waliandika kwamba Shakespeare amefufuka.

Mwaka 1985 mwongozaji mwingine, Mwingereza Peter Brook aliyekuwa na makao yake Paris, alizindua onyesho la Mahabharata, utenzi wa kale wa India, kwenye machimbo ya mawe ya Boulbon, karibu na Avignon. Onyesho lilichukua saa tisa. Waigizaji walitoka nchi nyingi, akiwamo Sotigui Kouyaté, manju kutoka ukoo wa majeli, yaani wasimulizi wa jadi, wa Afrika Magharibi. Mhindi mmoja tu, Mallika Sarabhai, ndiye aliyekuwa na sehemu kubwa. Wapo walioona pale dunia nzima imekaa kwenye mkeka mmoja. Rustom Bharucha, mhakiki na mwongozaji wa Kihindi, aliona kitu kingine. Alisema kitabu ambacho watu wa India wanaishi nacho katika ibada, sherehe na ugomvi wao wa kila siku kimeng'olewa kwenye udongo wake na kulainishwa ili kimfae mnunuzi wa tiketi wa Magharibi. Shutuma yake nzito zaidi ilihusu njia, kupita hata tafsiri: ubadilishanaji wa tamaduni unaosifiwa kama barabara ya kwenda na kurudi, kwa kawaida huwa wa upande mmoja. Brook aliweza kwenda Kerala akatazama, akauliza, akachukua. Mcheza kathakali wa Kerala hakuwa na bajeti ya kwenda Avignon kumchezea Molière atakavyo yeye.

Mhindi mwingine, Homi Bhabha wa Mumbai, alitoa mwaka 1994 kitabu kilichovuma zaidi, The Location of Culture. Hoja yake ilielekea upande mwingine: hakuna utamaduni uliowahi kuwa safi, na mahali ambapo tamaduni zinaingiliana, mpakani na uhamishoni, ndipo kitu kipya huzaliwa, tena kitu kinachomkosesha mtawala uhakika wake. Salman Rushdie alikuwa amekwisha kuitetea riwaya yake ya 1988 kwa hoja ya namna hiyo, akiusifu mchanganyiko na kuwacheka wanaoogopa kuchafuka. Katika vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani mseto ukawa neno la heshima, na kwa muda malalamiko ya Bharucha yakasikika kama ya mtu anayelinda ghala la babu yake.

Mtu wa Unguja au Mombasa hahitaji nadharia ili auelewe mseto. Taarabu ilifika kwa mlango wa ikulu: Sultani Barghash alipenda muziki wa Misri akauleta kwenye baraza lake. Siti binti Saad akaushusha uraiani, akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda kurekodi Bombay. Hakuna aliyeandika barua ya malalamiko kutoka Kairo. Kwa nini angeandika? Kairo ilibaki na kumbi zake, wapiga udi wake na redio yake. Kilichopigwa mitaa ya Ng'ambo, Unguja, hakikumnyima Mmisri yeyote kazi wala jukwaa. Bharucha na Bhabha wangeweza kuketi pamoja kumsikiliza Siti bila kugombana, na nafikiri hilo linaonyesha kwamba hawakuwa wakibishania kuchanganyika kwenyewe.

Baada ya wageni wa 1996 kuondoka msituni, kundi la Soleil lilijaribu kuigiza yaliyowapata. Tamthilia yenyewe, Et soudain des nuits d'éveil, ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa 1997 na iliundwa kwa pamoja, mwandishi Hélène Cixous akishiriki. Inahusu kundi la maigizo la Paris linalovamiwa kwa upole na wageni wanaoomba hifadhi, na wenyeji wanaogundua kwamba ukarimu una mwisho wake: nani alale wapi, nani apike, nani ana haki ya kuchoka. Waswahili walikwisha kuligusa jambo hilo waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kundi lilijicheka lenyewe, na lilistahili sifa kwa hilo.

Ila wageni wa kwenye tamthilia hawakuwa Wamali. Walikuwa Watibeti, wasanii waliokuja kupinga mpango wa Ufaransa kuiuzia China ndege za kivita. Mtu anaweza kulitetea badiliko hilo: tamthilia si ripoti ya gazeti, na kuhamisha mahali ni mbinu ya kale inayompa msanii nafasi ya kupumua. Mimi huliona kwa jicho la shaka. Mtibeti wa Paris ya miaka ya 1990 alikuwa mkimbizi mwenye kupendeza, mtawa mpole anayeonewa na dola la mbali. Mmali wa Paris alikuwa jirani anayeonewa na dola la hapohapo, na jina lake lilikuwa linatajwa kila siku kwenye hotuba za uchaguzi. Kumwondoa jukwaani kuliwapunguzia watazamaji aibu. Hapa hakuna aliyepora hadithi ya mtu. Hadithi iliachwa mlangoni, na makosa ya namna hii hayana jina linalovuma.

Mwaka 2001 yalitokea mambo mawili yanayohusiana kwa mbali. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja na kufika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, alichapisha riwaya By the Sea. Mzee Saleh Omar, aliyekuwa muuza samani huko kwao, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na kuomba hifadhi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Pasipoti yake ina jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban, mtu ambaye familia yake na ya mzee ziligombana vibaya. Kwenye mzigo ana kasha la udi wa thamani, udi al-qamari, unaotoka nchi ya Wakhmer, alioupata zamani kwa mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za msimu. Ofisa wa uhamiaji, ambaye wazazi wake nao walikuja Uingereza kutoka Romania, anamwambia mzee habari za wazazi hao, kisha anamnyang'anya kasha la udi.

Waandishi wachache wameuweka ugomvi wetu wote mezani mwa ofisa mmoja namna hiyo. Udi ni wa Asia ya mbali, lakini kwa mzee ni harufu ya nyumbani. Umepita mikononi mwa wafanyabiashara na madalali, ukawa wake. Hapo kuna mseto. Anayempora ni mtoto wa wahamiaji, mwenye muhuri mkononi. Hapo kuna wizi. Gurnah hasahau pia kwamba mzee mwenyewe amebeba jina lisilo lake, na mwana wa mwenye jina, Latif Mahmud, mwalimu wa fasihi London, atakuja kumuuliza. Msimuliaji anayeonewa naye amechukua kitu cha mtu. Wasomaji wa Kiswahili waliomjua Gurnah baada ya Nobel ya 2021, wengi kupitia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise, watafanya vyema kuisoma na hii.

Jambo la pili la 2001 lilitokea baharini. Mwezi Agosti meli ya mizigo ya Norway iitwayo Tampa iliokoa zaidi ya watu 430, wengi wao Waafghani, kutoka chombo kilichokuwa kinazama kati ya Indonesia na kisiwa cha Christmas. Serikali ya Australia ikawakatalia kushuka. Wengi walipelekwa kisiwa cha Nauru, wengine wakapokewa New Zealand. Wakati huohuo, kaskazini mwa Ufaransa, Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa linaendesha kambi katika kijiji cha Sangatte, ndani ya banda kubwa lililotumika wakati wa kuchimba njia ya reli ya chini ya bahari. Kambi ilifunguliwa mwaka 1999. Kila usiku vijana wa Kikurdi, Kiafghani na Kiirani walitoka pale kwenda kujaribu kudandia treni au lori lielekealo Uingereza. Waliozamia meli kutoka Dar es Salaam au Mombasa miaka ileile wanazijua safari za namna hiyo. Serikali za Ufaransa na Uingereza zilikubaliana kuifunga kambi mwishoni mwa 2002.

Mnouchkine na baadhi ya waigizaji wake walikwenda Sangatte. Walikwenda pia Australia, kwenye kituo cha Villawood mjini Sydney wanakozuiliwa waombaji hifadhi, na New Zealand na Indonesia. Walikaa na watu, wakawasikiliza, wakarekodi sauti zao. Mwigizaji Shaghayegh Beheshti, anayezungumza Kiajemi, alifanya kazi ya ukalimani katika mengi ya mazungumzo hayo. Matokeo yake yalikuwa Le Dernier Caravansérail, yaani karavanserai ya mwisho, sehemu mbili zilizoanza kuonyeshwa Aprili na Novemba 2003, kwa jumla saa sita hivi. Aliyefika Bagamoyo ameliona jengo linaloitwa kwa jina hilo, ambako misafara kutoka bara ilimalizikia. La Mnouchkine halikuwa na kuta.

Onyesho lilianza na mto. Kitambaa kikubwa sana kilishikwa pembeni na waigizaji, kikatikiswa mpaka kikafura na kunguruma, na juu yake watu wakavushwa ndani ya tenga linaloning'inia kwenye kamba, mlanguzi akidai fedha yake huku dhoruba inavuma. Sehemu ya pili ilianza na bahari, mashua iliyojaa watu, na helikopta juu yake iliyowaamuru warudi walikotoka. Kati ya picha hizo kubwa mlikuwa na vipande vifupi vingi: nyumba ya Kabul wakati wa Taliban, kibanda cha simu, kitongoji cha Moscow, uzio wa reli. Na hakuna mhamiaji aliyekanyaga sakafu. Kila mmoja alisimama juu ya kibao chenye magurudumu, akisukumwa na wenzake walioinama, hata kimbilio lake lenyewe likiwa linateleza chini ya miguu yake.

Waigizaji walisema lugha za wahusika, Kiajemi, Kikurdi, Kirusi na nyinginezo, na mara kwa mara zilisikika sauti zilizorekodiwa za wakimbizi wenyewe. Kundi lilikuwa na watu wa mataifa mengi, baadhi wakiwa wenyewe wamekimbia makwao. Hata hivyo mwigizaji wa taifa moja aliweza kuigiza mtu wa taifa jingine. Kwa Mnouchkine hiyo ndiyo kazi yenyewe: mwigizaji ni mtu anayemwachia mwingine mwili wake kwa saa kadhaa. Mwaka 2005 onyesho lilikwenda New York na Melbourne. Huko Melbourne, watu wa nchi iliyowafukuza abiria wa Tampa waliketi wakatazama helikopta yao. Lilipigiwa makofi kila lilikokwenda, na kelele za aina iliyokuja kutokea 2018 hazikusikika.

Sidhani sababu ni kwamba walioigizwa waliridhika. Wengi wao hawakupata fursa ya kukata tiketi. Kijana wa Sangatte mwaka 2003, kama alifaulu kuvuka, alikuwa jikoni kwenye mkahawa wa Birmingham, kimya, akingoja jibu la wizara. Hakuwa na chama cha waigizaji wa nchi yake, ruzuku, ukumbi, wala mhariri anayemfahamu. Aliyerekodiwa alishukuru kusikilizwa kwa sababu kabla ya hapo waliomhoji walikuwa polisi. Kundi lilimtendea kwa heshima kubwa, na nikilinganisha na tamthilia nyingi zilizofuata juu ya wahamiaji wa Calais, karibu na Sangatte, kazi ile bado inasimama juu. Lakini makofi hayo hayatoshi kuthibitisha kwamba swali la Cissé lilikuwa limejibiwa. Aliyepaswa kuliuliza hakuwapo ukumbini.

Katika miaka hiyohiyo Soleil lilifanya jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipitia haraka. Mwaka 2005 lilikwenda Kabul kuendesha warsha ya maigizo kwa vijana. Kutokana na warsha hiyo likazaliwa kundi la Kiafghani, Théâtre Aftaab, ambalo jina lake kwa Kidari ni jua kama lilivyo la Soleil kwa Kifaransa. Vijana hao walikuja Ufaransa kujifunza zaidi, na wengi wakabaki. Mwaka 2009 walionyesha Ce jour-là, kisa cha maisha yao chini ya Taliban. Mwaka 2013, wakiongozwa na Hélène Cinque, walionyesha La Ronde de nuit, ambamo Muafghani aliyeajiriwa ulinzi katika ukumbi wa maigizo wa Paris anajikuta na wenzake wasio na makaratasi wanaotaka kuingia. Humo wanachekwa wenyeji, wanachekwa wageni, na anachekwa mlinzi mwenyewe, kwa namna ambayo kundi mama lisingeweza kuthubutu bila kulaumiwa. Kambodia nayo ilitoa jibu lake: tamthilia ndefu juu ya Mfalme Sihanouk, iliyoandikwa na Cixous na kuonyeshwa na Soleil 1985, ilirudiwa kwa Kikhmer na wasanii vijana wa Battambang, wakaileta Cartoucherie wenyewe. Barabara ya Bharucha ilikuwa imeanza kupitika kwa kurudi, japo gari bado lilikuwa la mwenyeji.

Kisha ikaja Kanada. Mnouchkine alimwalika Robert Lepage, mwongozaji mashuhuri wa Québec, aliongoze kundi lake; tangu 1964 hakuna mtu wa nje aliyewahi kupewa nafasi hiyo. Lepage akachagua historia ya mahusiano kati ya Wazungu na wenyeji wa asili wa nchi yake. Waigizaji wangekuwa wale wa Soleil, na miongoni mwao hakuwamo hata mmoja kutoka mataifa hayo ya asili. Kazi ikaitwa Kanata.

Majira yalikuwa mabaya. Mwishoni mwa Juni 2018 Lepage alikuwa na onyesho jingine katika tamasha la jazi la Montréal, SLĀV, la nyimbo za watumwa Weusi zikiimbwa na wanawake ambao wengi wao walikuwa Wazungu. Waandamanaji walisimama mlangoni, mwanamuziki Moses Sumney akajitoa kwenye tamasha, na tarehe 4 Julai onyesho likafutwa. Siku kumi baadaye gazeti Le Devoir lilichapisha barua ya wasanii na wasomi wa asili pamoja na washirika wao. Hawakuomba Kanata ipigwe marufuku, na walisema wazi hawataki kumziba mtu mdomo. Malalamiko yao yalikuwa kwamba wamechoka kusimuliwa wakiwa hawapo.

Uchovu huo una tarehe zake. Kuanzia 1885 hadi 1951 sheria ya Kanada ilikataza potlatch, sherehe za watu wa pwani ya magharibi zenye ngoma, vinyago na masimulizi. Waliokutwa wakicheza walifungwa, na vinyago vyao vikaishia makumbusho. Watoto walichukuliwa kwa nguvu kupelekwa shule za bweni ambako lugha zao zilikatazwa, na shule ya mwisho ya aina hiyo ilifungwa miaka ya 1990. Watu waliofungwa kwa sababu ya kuigiza mambo yao wenyewe walikuja kujenga majukwaa yao kwa shida: Native Earth mjini Toronto mwaka 1982, Ondinnok huko Montréal mwaka 1985, na tamthilia The Rez Sisters ya Tomson Highway mwaka 1986 iliyozunguka nchi nzima. Tofauti na kijana wa Sangatte, hawa walikuwa na waigizaji waliofunzwa, kumbi, waandishi na namba ya simu ya mhariri.

Tarehe 19 Julai Mnouchkine na Lepage walikutana na wawakilishi wao Montréal kwa zaidi ya saa tano. Watu walizungumza kwa adabu, wakaagana bila makubaliano. Wiki moja baadaye wafadhili wa Amerika Kaskazini walikuwa wamejitoa na Lepage akatangaza kwamba mradi umekwisha. Mwezi Septemba Soleil likabadili uamuzi: lilisema halijavunja sheria yoyote ya Ufaransa na kwamba litaendelea. Mnouchkine alikuwa tayari ameeleza msimamo wake, kwamba tamaduni si mali ya mtu na kwamba mwigizaji akikatazwa kuwa mtu mwingine, kazi yenyewe imekufa.

Onyesho lilizinduliwa Cartoucherie tarehe 15 Desemba 2018 likiwa na kichwa kirefu zaidi, Kanata – Épisode I – La Controverse. Walioliona walikuta hadithi ya vijana wawili Wafaransa waliohamia Vancouver, katika mtaa wa Downtown Eastside, mtaa wa mihadarati, vyumba vya kukodi vya bei ya chini, na wanawake wa asili waliopotea mmoja baada ya mwingine mpaka alipokamatwa muuaji, mfugaji wa nguruwe. Msichana wa Kifaransa ni mchoraji. Anataka kuchora picha za wanawake waliouawa, na familia zao zinamuuliza kwa idhini ya nani. Kwa hiyo swali lilikuwamo ndani ya tamthilia, limeigizwa vizuri, na aliyepewa neno la mwisho alikuwa mchoraji. Baada ya Krismasi Lepage alikiri hadharani kwamba alikosea katika namna alivyoiandaa SLĀV, akairudisha jukwaani Januari ikiwa imebadilishwa baada ya kukaa na waliompinga.

Riwaya nayo ilipata moto wake mwanzoni mwa 2020. American Dirt ya Jeanine Cummins, juu ya mama wa Kimexico anayewakimbia wauza dawa za kulevya, akiwa na mwanawe, kuelekea Marekani, ilitoka 21 Januari 2020 na siku hiyohiyo ikateuliwa na klabu ya vitabu ya Oprah Winfrey. Mwandishi alikuwa amelipwa malipo ya awali yaliyotajwa kuwa zaidi ya dola milioni moja. Myriam Gurba, mwandishi mwenye asili ya Mexico, alikuwa amekwisha kuikosoa vikali mwezi Desemba. Zikazuka picha za chakula cha usiku cha kukitangaza kitabu ambacho meza zake zilipambwa kwa seng'enge, na kufikia 29 Januari mchapishaji alifuta ziara ya mwandishi. Nilichokipenda ni kilichofuata: Gurba na waandishi wenzake David Bowles na Roberto Lovato hawakwenda New York kudai kitabu kichomwe, walikwenda kwa wakubwa wa Macmillan, kampuni ya uchapishaji iliyokitoa, kuzungumzia ajira, nani anasoma miswada, nani anaamua malipo. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni hata hivyo.

Kelele za Kanata zilipopoa, Ottawa nayo ilikuwa na habari yake. Kituo cha Taifa cha Sanaa, chenye idara ya Kiingereza na ya Kifaransa tangu miaka ya mwanzo, kilianzisha idara ya tatu ya tamthilia za wenyeji wa asili chini ya Kevin Loring, na Septemba 2019 kikafungua msimu wake wa kwanza. Tamthilia ya ufunguzi ilikuwa The Unnatural and Accidental Women, ya Marie Clements, mwanamke wa Kimétis, juu ya wanawake wa asili waliouawa Downtown Eastside na kinyozi aliyekuwa akiwalewesha mpaka wafe. Haikuwa kazi mpya. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 katika Firehall, ukumbi mdogo ulio ndani ya mtaa wenyewe, kwa hiyo Lepage alipoanza mazoezi na waigizaji wa Paris juu ya mtaa ule, ilikuwa na umri wa miaka kumi na zaidi, imechapishwa, inauzwa madukani.